Tui la Tatu Limekwenda Wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Chakula gani cha siku za foleni ungependa kirudi mezani?" Jibu langu: hakuna hata kimoja, kwa sababu hakuna kilichoondoka. Nendeni masoko yetu ya Zanzibar, Darajani au Mwanakwerekwe, siku ya kuamkia Ramadhani mkaulize bei ya majimbi. Muhogo, ndizi mbichi, shelisheli, vyote vilivyoliwa kwa kukosa mchele, leo ndiyo futari ya heshima. Mgeni akifuturishwa wali mtupu atajiuliza kakosa nini.

Vijana wanaozisikia foleni kwa mbali labda wakumbushwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ya Mzee Karume, rais wetu wa kwanza, ilibana uagizaji wa chakula ili visiwa vijilishe vyenyewe. Mchele, sukari na unga wa ngano vikawa vya mgao, na hali ikawa hivyo hadi Mzee alipouawa Aprili 1972 na Mzee Jumbe, aliyemrithi, akaanza kulegeza. Ajabu ni kwamba nchi haikuwa na ukata: karafuu ilikuwa ikileta fedha za kigeni, na akiba ilikuwapo. Na kisiwa cha Pemba, ambacho enzi za Wareno kilikuwa kikipeleka mchele Mombasa, nacho kikapanga foleni ya mchele. Karne ya 19 tulipanda karafuu tukauza nje, kisha mchele tukaununua nje. Burma ilipotekwa na Wajapani mwaka 1942 mchele ule ulikatika na muhogo ukashika nafasi yake. Miaka thelathini baadaye, somo lilelile.

Lakini nazi haiagizwi, inaota hapa hapa. Muhogo wa chumvi na maji mtu atautafuna siku mbili, ya tatu utamkaba. Ukipikwa kwa tui unalika mwezi mzima. Kwa hiyo kilichoziokoa siku zile, kwa maoni yangu, ni ujuzi wa kuimaliza nazi, na huo ndio uliopotea.

Nazi ikitikiswa lazima maji yalie ndani. Isiyolia iache, na yenye macho yaliyolowa usiiguse hata ukipewa bure. Ipige kwa mgongo wa panga katikati, ukiizungusha, ipasuke sawa. Maji yake kunywa au mpe mtoto, usiyatie kwenye tui, litachacha upesi. Ukikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi anzia ukingoni, uzungushe kifuu taratibu, uache ukikaribia ngozi ya kahawia, maana ile hulitia tui rangi ya majivu. Kila nazi ikunie chombo chake na uionje kabla ya kuichanganya na nyenzake. Nazi mbovu harabu ya nzima, na hapo si methali, ni sufuria nzima ya mchuzi.

Sasa kukamua. Maji yawe ya vuguvugu. Ya baridi hayatoi mafuta vizuri, ya moto yataunguza mkono na kuyayeyusha mafuta yaelee peke yake. Nusu bilauri kwa nazi moja, fikicha sana, kamua kwa kifumbu cha kuchujia: hiyo ndiyo kasimile, tui zito la kwanza, iweke pembeni. Bilauri moja na nusu kwa machicha yaleyale: tui la pili. Bilauri mbili tena: tui la tatu, jeupe kama maji yaliyooshewa mchele, ambalo siku hizi linamwagwa.

Hilo la tatu ndilo la kuanzia. Kilo moja ya muhogo, umeutoa mzizi wa katikati na kuukagua usiwe na michirizi myeusi (ukikaa siku mbili tatu tangu kung'olewa huanza kuipata, na huo hauivi, hukauka mdomoni), unachemshwa kwa tui la tatu na chumvi. Ukianza kulainika tia tui la pili. Kasimile mwisho kabisa, moto mdogo, bila kufunika, ukiteka kwa upawa na kurudisha mpaka litokote mara moja. Ukiliacha lichemke peke yake linakatika: mafuta juu, maji chini, chenga katikati. Ndimu ni baada ya kuepua. Shelisheli ni vivyo hivyo, ila paka mafuta mikononi na kwenye kisu kwa ajili ya utomvu, na vipande viingie kwenye maji mara moja visigeuke rangi.

Machicha yanakaushwa juani wapewe kuku, au yanasugua sufuria. Kifuu kinakuwa upawa, na kilichovunjika kinawashia jiko la makaa. Makumbi yanafukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa yatoke usumba. Hapakuwa na cha kutupa.

Ndiyo maana nikiona tui la pakiti najisikia vibaya. Limesafiri kwa meli kutoka Asia kuja kwenye visiwa vya minazi! Nilitaka hata kuandika kwamba anayelinunua anastahili kurudishwa foleni.

Lakini hebu tupige hesabu kwa haki. Minazi mingi imezeeka, mingine imekatwa mbao, na nazi si ya bei ile. Nyumba ya watu wanane, nazi mbili na machicha ya kuku, hakuna pakiti itakayoishinda. Mtu anayeishi peke yake Michenzani, ghorofa ya juu, hana kuku, machicha yake yanaingia jaani na nusu ya tui linachachia kwenye friji. Huyo pakiti inambania matumizi kuliko nazi. Nimeandika, ingawa mkono umesita. Blenda nayo si suluhisho: inasaga nazi laini mno, chenga zinapenya chujio, mchuzi unakuwa na mchanga.

Basi mwenye pakiti na aitumie, ila si kwa mchuzi wa pweza, tafadhali. Akishaifungua, inayobaki asiiache humo humo. Aimimine kwenye trei ya barafu, igande, kisha vipande avitie kwenye mfuko wa plastiki ndani ya friza. Vipande viwili kwa sahani moja ya muhogo, vitiwe mwisho, bila kufunika.