Kwa mnaoanza kazi CTC: msimpite anayesema "mimi sina shida"

Wadogo zangu mliopangiwa CTC, yaani kliniki ya matunzo na matibabu ya VVU, huku Mtwara, dawa na kadi mtazizoea ndani ya miezi mitatu. Mimi kilichonichukua miaka ni kuelewa kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ya mama na ya baba haziji na dalili zilezile.

Wateja wenu wengi watakuwa wanawake. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 5.6 kwa wanawake na 3.0 kwa wanaume. Kwenye yale maswali tisa ya kupima sonona (PHQ-9) pia, wanawake ndio wanaopata alama kubwa zaidi, na sababu tunaziona. Mama hupimwa kliniki ya wajawazito, kwa hiyo mara nyingi ndiye anayejua kwanza, kisha nyumbani anaambiwa yeye ndiye kauleta. Huyo hatakuja kusema ana sonona. Atasema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, "nawaza sana". Mkimpa panadol tu, mmemfungia mlango. Na kabla ya kumhimiza amwambie mume, muulizeni kama amewahi kupigwa na kama ana pa kukimbilia. Kwa Wamakonde na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, hivyo bibi au mjomba anaweza kuwa nguzo, kama mwenyewe anaridhia aambiwe.

Sasa wanaume. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mkulima wa korosho. Foleni ilikuwa ndefu, nikamsomea maswali mbiombio, akajibu hapana kwa yote tisa. Nikaandika sifuri. Msimu ulipoisha hakuonekana tena, na mkewe akatueleza kwamba tangu zamani alikuwa halali, anagombana na kila mtu, anashinda kwenye uraka, pombe ya mabibo, dawa hagusi. Nilimuuliza kama ana huzuni. Usingizi, ugomvi na pombe sikuvigusa, na huko ndiko alikokuwa anaumia. Jambo hili linaniuma hadi leo.

Siku hizi naanza na shamba: mnada umeendaje, nani anapalilia, unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi. Ikibidi tunatoka nje chini ya mwembe, maana wapo wanaoona meza na daftari kama polisi. Pombe naiuliza bila kukunja uso, na naongeza: hata siku uliyokunywa, kidonge chako meza. Wengi huruka dozi wakiamini vikikutana tumboni vitawaua, na huko kuruka ndiko kunakowapa virusi nafasi.

Mtu akilalamika usingizi, angalieni pia anameza saa ngapi. Dolutegravir, mojawapo ya dawa za VVU, huwasumbua baadhi ya watu usiku, na kuhamishia dozi asubuhi kunaweza kusaidia. Zungumzeni na daktari.

Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, msiliruke hata foleni ikifika barabarani. Mtu akikubali, hata kama jumla ya alama haijafika 10 tunayoichukulia kama dalili ya sonona, asiondoke peke yake siku hiyo. Mfikisheni kwa daktari wa zamu, mkae naye, na mwulizeni ni ndugu gani anataka aitwe. Achague yeye, maana wapo ambao ndugu wa kwanza kufika ndiye waliyemficha hali yao.