Majibu kwa Wasomaji: Mafunzo Yanayoanza kwa Wakubwa

SWALI: Mama Mshauri, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mmoja wa viongozi watatu wa kikundi cha ngoma na maigizo chenye vijana 34, mdogo wao ana miaka 11 na mkubwa ana miaka 23. Mwaka jana mfadhili wetu alitutaka tuwape mafunzo ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kabla hajatoa pesa za mavazi. Tulimwita wakili, akazungumza kwa saa tatu, akatusomea vifungu vya sheria, tukapiga picha, kila mtu akatia sahihi kwenye orodha na kupewa soda na mkate. Haikupita miezi miwili, binti wa miaka 15, mchezaji hodari kuliko wote, akaacha kuja mazoezini. Baadaye dada yake alitueleza kwamba mmoja wa walimu wetu alikuwa akimwandikia kwenye simu usiku na kumwahidi nafasi ya mbele katika safari ya Kolwezi. Mwalimu huyo tumemwondoa. Sasa mfadhili anataka mafunzo mengine, na wenzangu wananung'unika kwamba mafunzo ya namna hii yanawafundisha wasichana kuwasingizia watu. Nifanye nini ili yasiwe kama yale ya kwanza? Papa wa ngoma, Katuba.

JIBU: Papa wa ngoma, nakushukuru kwa kutoficha jambo ambalo vikundi vingi hulifunika. Kabla ya kuzungumzia mafunzo, niulize kwanza habari za yule binti. Kumwondoa mwalimu kumewatoa ninyi katika aibu, lakini barua yako haisemi kama kuna mtu aliyekwenda kwao. Nendeni wawili, mmoja awe mama anayeheshimiwa na familia hiyo, na msiende na bahasha wala mbuzi. Mwelezeni binti na wazazi wake kwamba hakukosa, kwamba nafasi yake ipo akitaka kurudi, na kwamba wana haki ya kushitaki. Sheria ya Kongo namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 imeuweka usumbufu wa kingono miongoni mwa makosa ya jinai: anayeendelea kumsumbua mwenzake kwa maneno, ishara, amri au vitisho, au kwa kutumia vibaya mamlaka ya kazi yake ili apate tendo la ngono, anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 12. Uamuzi wa kushitaki si wa kikundi. Sheria nyingine ya siku hiyo hiyo, namba 06/019, imekataza kesi za jeuri ya kijinsia zizimwe kwa kulipa faini ya mapatano. Pia fikirini kwamba mwalimu aliyeondoka Katuba kimya kimya anaweza kuwa anafundisha Ruashi mwezi ujao.

Sasa mafunzo. Wakili wenu hakukosea sheria, ila sheria huanza kufanya kazi wakati mambo yamekwisha kuharibika. Inazungumzia mwenendo unaoendelea, unaoweza kuthibitishwa mbele ya hakimu. Binti wa miaka 15 anayepokea ujumbe saa nne usiku ukisema «umecheza vizuri leo, usimwonyeshe mtu» hajui kama hilo ni kosa la jinai, na hana haja ya kujua. Anachohitaji ni kanuni ya kikundi inayosema kwamba mwalimu hamwandikii kijana faraghani, iwe usiku au mchana, iwe kwa wema au kwa ubaya. Kanuni ikivunjwa, binti hana mzigo wa kueleza nia ya mwalimu; anaonyesha simu tu.

Ugonjwa huu si wa Katuba peke yake. Mwaka 2016 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa kazini ilitoa ripoti iliyokiri kwamba mengi ya mafunzo yaliyotolewa kwa miaka 30 hayakuzuia usumbufu, kwa sababu yalilenga zaidi kumkinga mwajiri asishitakiwe. Ripoti hiyo ilipendekeza pia kuwafundisha watu walio kando, wanaoona na kusikia, jinsi ya kuingilia kati. Nikisoma habari ya orodha yenu ya sahihi na picha zenu, naona kitu kile kile: karatasi ya kumwonyesha mfadhili.

Kwa hiyo msianze na wasichana. Anzeni na ninyi viongozi watatu na walimu wote, mlango ukiwa umefungwa, bila vijana, kwa nusu siku nzima. Chukueni daftari na muandike wiki ya kikundi tangu Jumatatu hadi Jumapili: nani ana ufunguo wa chumba cha mavazi, nani anapima viuno vya wasichana wakati wa kushona, nani anachagua wanaosafiri, kijana wa mwisho anarudi nyumbani na nani, watu wanalalaje mkiwa Likasi au Kolwezi. Kila penye jina moja tu, na mtu huyo hubaki peke yake na kijana, hapo ndipo mnapotakiwa kuandika kanuni. Katika kisa chenu, nadhani mlango haukuwa simu. Mlango ulikuwa kwamba mtu mmoja aliweza kuahidi safari. Kama orodha ya wasafiri ingekuwa inaamuliwa na watu wawili na kubandikwa ukutani pamoja na sababu, ahadi ya usiku isingekuwa na thamani yoyote.

Skauti wa Marekani wana kanuni ya watu wazima wawili: hakuna shughuli ya vijana bila wakubwa wawili, na hakuna mkubwa anayekaa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Ikubalini kanuni hiyo kisha muivalishe nguo za hapa kwetu. Hapa umeme hukatika katikati ya mazoezi; basi andikeni kwamba umeme ukikatika ngoma zinanyamaza na wote wanatoka nje kwenye lupango, yaani uani, wakahesabiwa, na hakuna anayesubiri gizani na mwalimu. Kupima mavazi kufanywe na mama mshonaji, mlango ukiwa wazi na kijana akiwa na mwenzake. Ujumbe wa simu kwa walio chini ya miaka 18 uende kwenye kundi la pamoja lenye kiongozi wa pili na mzazi. Kanuni hizi ndizo pia jibu kwa wenzako wanaoogopa kusingiziwa: mwalimu ambaye kila wakati yuko mbele ya mtu mwingine ana shahidi wake tayari, na yule anayezikataa sana kanuni hizi ningemtazama kwa makini.

Mguso unahitaji maneno zaidi, kwa sababu ngoma hufundishwa kwa mwili na walimu wengi watasema haiwezekani bila kugusa. Inawezekana kwa sehemu kubwa. Mwalimu anayetaka kiuno kishuke asimame mbele ya safu, ashushe chake, awaambie waweke mikono yao wenyewe juu ya mifupa ya nyonga zao wasikie inavyokwenda. Kisha awarekodi safu nzima kwa simu ya kikundi na kuwaonyesha pamoja. Wa kwaya wanaofundisha kupumua kwa tumbo wafanye hivyo hivyo, kila mwimbaji mkono wake juu ya tumbo lake. Panapobaki lazima, labda kuinua kiwiko cha mpiga ngoma, mwalimu aulize kwa sauti ya kusikika na wote: «Nikuguse kiwiko?» na asubiri jibu. Wiki ya kwanza watacheka. Wiki ya tatu utamsikia mtoto akisema «hapana, nionyeshe tu», na mwalimu akaendelea na kazi bila kununa. Huko kutonuna kwa mwalimu ndiko kwa kufanyia mazoezi wakati wa mafunzo ya wakubwa, kwa sababu mtoto aliyekataa mara moja akanuniwa hatakataa tena.

Baada ya wakubwa kukubaliana na kutia sahihi, ndipo muwaite vijana. Msiwachanganye wote 34. Gaweni makundi matatu ya watu 11 au 12, wadogo peke yao na wakubwa peke yao, wasichana na wavulana pamoja isipokuwa kwa kipindi kimoja kifupi cha maswali. Saa moja na nusu inatosha, mkirudia baada ya wiki mbili na tena kabla ya kila safari. Na ninyi mna bahati ambayo wafanyakazi wa ofisini hawana, kwani mnajua kuigiza. Katika miaka ya 1970 Augusto Boal wa Brazili alieneza maigizo ambamo kisa huchezwa hadi mwisho wake mbaya, halafu huanzwa upya, na mtazamaji yeyote anaweza kusimamisha mchezo, akaingia jukwaani na kujaribu njia nyingine. Tumieni hilo. Chezeni kisa cha mwalimu anayemwambia mchezaji «wewe baki, nina neno nawe» watu wakiwa wanatoka. Mara ya kwanza wote wanaondoka. Mara ya pili asimame rafiki na kumwambia mwalimu, akimwita Yaya, yaani kaka au dada mkubwa: «Yaya, tunamngoja hapa mlangoni.» Sentensi hiyo ni fupi, haina matusi, haimshitaki mtu, na inavunja upweke ambao msumbufu anautafuta. Irudieni mpaka kila mmoja aitoe bila kutafuta maneno, kama mnavyorudia kuingia kwa ngoma.

Nasema «Yaya» kwa makusudi. Vijana wetu huwaita walimu Yaya, au Papa, au Mama, na kuwaita hivyo, kama ndugu, ni heshima nzuri ambayo sitaki ipotee. Lakini mtoto atasemaje kwamba Papa anamsumbua? Katika masikio ya jirani ni yeye atakayeonekana amekosa adabu. Hili lizungumzwe wazi katika mafunzo, na lizungumzwe na mkubwa mwenyewe mbele ya vijana: «Mkiniita Yaya mnanipa kazi ya kuwalinda, na mkinikataza jambo hamjanitukana.» Ikitoka kinywani mwa kiongozi, ina uzito kuliko saa tatu za mgeni.

Kuna mipaka. Msimwombe kijana yeyote asimulie yaliyompata, na kisa cha yule binti kisichezwe hata kwa majina mengine, kwa kuwa Katuba nzima itamtambua. Nafasi ya msumbufu ichezwe na mtu mzima, wala asipewe binti mdogo nafasi ya kusumbuliwa; mchezo ukiisha, wachezaji waitwe majina yao halisi na wapige makofi ili watoke ndani yake.

Mwisho wa kipindi kila kijana aondoke akiwa na majina mawili ya kupelekea neno, la mwanamke na la mwanaume, mmoja kati yao akiwa nje ya kikundi. Watu hao wawili wafundishwe peke yao, kwa kuwa maneno ya kwanza anayojibiwa mtoto ndiyo humfungua au kumfunga. Waseme: «Asante kwa kuniambia. Hukukosa.» Wasiulize alikuwa amevaa nini, wasiahidi siri watakayoshindwa kuitunza, na wasimkutanishe mtoto na aliyemsumbua ili wapatane. Wajue namba ya polisi wanaoshughulika na ulinzi wa watoto, na wajue kwamba aliyebakwa afikishwe hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazisubiri zaidi ya hapo, na kila saa ina maana yake.

Baada ya miezi mitatu msihesabu sahihi. Waulizeni vijana mmoja mmoja: ungemwambia nani? Kanuni gani imevunjwa mwezi huu? Kama malalamiko yameongezeka, mfadhili asishituke, na umweleze hivyo mapema. Mara nyingi ni dalili kwamba sasa kuna mtu wa kuambiwa.

SWALI: Mama Mshauri, mwanangu wa miaka 13 anaimba katika kwaya. Vijana wakubwa humvua suruali mbele ya wenzake na kucheka, wakisema ndivyo anavyokaribishwa mgeni. Mafunzo yalifanyika, lakini waliitwa wasichana tu. Mama wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi.

JIBU: Mama, sitakuficha kwamba mafunzo ya wasichana tu yana kasoro tangu mwanzo. Mvulana naye husumbuliwa, na mara nyingi si na mkubwa mwenye cheo bali na aliyemzidi miaka mitatu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtoto aliye chini ya miaka 18, bila kubagua msichana na mvulana. Mwone kiongozi wa kwaya pamoja na mzazi mwingine, bila mwanao, na mwombe mambo matatu: desturi hiyo ikomeshwe kwa kutajwa mbele ya wote, watu wazima wawili wakae chumba cha kubadilishia nguo, na mafunzo yarudiwe yakiwa na wavulana. Akikujibu kwamba hata yeye alivuliwa alipoingia, mwulize alijisikiaje siku ile alipofika nyumbani, kisha unyamaze umsubiri ajibu. Jioni ya mazoezi yanayofuata mpeleke mtoto mwenyewe, ukae benchi la nyuma hadi yaishe.