Sukari kupanda asubuhi na hujala kitu usiku

Pole sana ndugu, hiyo uliyouliza ya kulala na sukari ya 7 (kwa kipimo cha mmol/L) halafu unaamka na 11 na hujatia kitu mdomoni inachanganya kweli, ila sio kosa lako, alfajiri mwili unatoa homoni za kukuandaa kuamka na ini nalo linamwaga sukari kwenye damu. Pima kabla ya kulala, saa tisa usiku na ukiamka, siku tatu hivi, andika zote umpelekee daktari. Ukikuta iko chini ya 4 hapo usiku usirudi kulala, kunywa kitu cha sukari kama gramu 15, subiri dakika 15 upime tena. Na nawa mikono kabla ya kujitoboa kidole kupima jamani, mimi nilimenya tunda nikapima ikasoma 16, roho ikaruka, nimenawa nikarudia ikaja 8! Dozi ya dawa ya kisukari usijiongezee mwenyewe tafadhali.