Kwa wanaoanza kuhakiki filamu: dakika 52 zimekwenda wapi?

Ndugu unayeanza kuhakiki filamu hapa Lubumbashi, katuni ya zamani inaporudiwa na waigizaji watu, usiishie kuandika kwamba ya zamani ilikuwa tamu zaidi. Msomaji anataka kujua kilichoongezwa, kilichotolewa, na hadithi imepata nini.

Chukua The Little Mermaid ya Disney, hadithi ya Ariel, nguva (nusu mwanamke, nusu samaki) anayempenda Eric, mwana wa mfalme wa nchi kavu. Katuni ya 1989 ina dakika 83, filamu ya Rob Marshall ya 2023 ina 135, yaani 52 zaidi. Tazama katuni kwanza, kisha filamu mara mbili: mara ya kwanza bila kalamu, ya pili na daftari, kila tofauti uiandikie dakika yake. Orodha ndefu ya majina ya mwishoni itoe kwenye hesabu. Utabaki na nyimbo tatu mpya, malkia aliyemlea Eric, na maktaba ambamo Eric na Ariel wanafunua ramani pamoja. Maktaba inastahili dakika zake: kwenye katuni Eric anapenda sauti na sura, hapa wawili hawa wana hamu moja ya kwenda mbali.

Badiliko kubwa zaidi limejificha kwenye mkataba ambao Ariel anampa mchawi wa baharini, Ursula, sauti yake ili apate miguu. Mwaka 1989 Ariel anajua kwamba asipobusiwa na Eric kabla jua la siku ya tatu halijazama, amekwisha. Mwaka 2023 Ursula anamsahaulisha sharti hilo. Ariel hamfukuzii tena mwana wa mfalme, vizuri. Lakini haraka ya siku tatu inalegea, maana aliye hatarini hajui. Andika pande zote mbili.

Ukiona wanyama hawana uhai, toa sababu. Mchoraji humpa Sebastian, yule kaa wa baharini, nyusi na mdomo mpana. Kaa aliyetengenezwa afanane na wa kweli hana, basi hofu ya Sebastian inabebwa na sauti tu. Zima sauti wimbo mmoja mzima, utaona pengo lenyewe.

Ukiona giza chini ya maji, chunguza kwanza kopi yako. Iliyorekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema hufifisha kila kitu. Na ukitazama kwa Kifaransa, anayeimba si Halle Bailey, mwigizaji wa Ariel. Kabla ya kumsifu au kumkosoa, sikiliza angalau wimbo mmoja kwa Kiingereza.

Msomaji wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, akisikia mwanamke nusu samaki atamkumbuka mamba muntu wa kwenye michoro ya sebuleni, yule anayetoa mali kwa masharti. Mweleze kwamba Ariel ametoka kwenye hadithi ya mwandishi Andersen wa Denmark, 1837, ambako mwishowe anageuka povu la bahari. Katika filamu hii anayetoa kwa masharti ni Ursula, na ukilisema hilo msomaji wako atauelewa mkataba mara moja.

Mwishoni Ursula anakuwa mkubwa kupita meli, usiku, katikati ya dhoruba. Mtoto mdogo anaweza kuogopa sana. Liweke hilo juu kabisa ya uhakiki, mzazi alisome kabla hajamaliza mega zake za intaneti.