Kwa Mnaoanza Kuunda Molekuli za Kunasa Chuma

Nyinyi mnaojiunga na maabara yetu hapa Mombasa mmekwisha kusoma kwamba bakteria wengi, wanapokosa chuma, hutoa siderofori, yaani molekuli ndogo zinazokwenda kukinasa na kukirejesha. Jambo ambalo huenda hamkulisoma ni kwamba molekuli hizo hukinasa chuma chochote zinachokutana nacho, hata kile ambacho hamkukikusudia.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Kazi ya miezi minne ilinipa unga uliopaswa kuwa mweupe, lakini ukatoka na wekundu wa tofali, na mistari ya NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli, ikatanuka hata isisomeke. Kwa wiki mbili nilikagua hatua za usanisi, yaani za kuiunda molekuli, moja baada ya nyingine, kumbe chanzo kilikuwa kijiko cha chuma kilichoanza kushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi. Tangu hapo natumia vijiko vya plastiki, na kila chombo cha kioo hukilaza katika asidi ya haidrokloriki usiku kucha, kisha nikakisuuza kwa maji yaliyoondolewa ioni. Silika, unga wa kuchujia molekuli wakati wa kuzisafisha, nayo huwa na chembe za chuma. Kwa hiyo funikeni katekoli, ile sehemu ya molekuli inayokishika chuma, kwa benzili, kundi la kuikinga kwa muda, safisheni kwanza, na mwondoe benzili mwishoni kabisa kwa haidrojeni na paladiamu.

Kuhusu kubuni umbo la molekuli, anzeni kwa kuhesabu. Ioni ya chuma yenye chaji tatu hupenda kuzungukwa na atomu sita za oksijeni, na kila katekoli hutoa mbili, hivyo mikono mitatu yenye katekoli inatosha. Enterobaktini, siderofori ya bakteria Escherichia coli, imeipanga mikono hiyo vizuri kiasi kwamba kipimo cha uthabiti wa mshiko wake kwa chuma hufika takriban 10⁴⁹. Hata hivyo, msiinakili kama ilivyo, kwa sababu kitovu chake kimeunganishwa kwa viungo vya esta, ambavyo huvunjwa na maji. Kitovu chenye viungo vya amaidi hudumu zaidi.

Nawaomba pia mkumbuke ni nani tunayemfanyia kazi hii. Desferioksamini, dawa iliyotokana na bakteria Streptomyces pilosus, huwaondolea chuma cha ziada wagonjwa wa thalasemia na selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara, lakini haifyonzwi vyema tumboni, hivyo huingizwa polepole kwa sindano kwa saa nyingi. Kwa mtoto wa hapa Pwani mwenye selimundu, molekuli inayoweza kumezwa ni nafuu kubwa.

Mtakapopima, mtatumia kipimo cha Schwyn na Neilands cha mwaka 1987, ambacho buluu yake hugeuka rangi ya machungwa chuma kinaponyang'anywa. Msishangilie upesi, kwani hata EDTA, kemikali ya kawaida ya kunasa metali, huigeuza. Wekeni kando chupa moja ya EDTA na nyingine ya maji matupu, kisha mlinganishe kasi na kiwango cha mabadiliko kabla ya kuandika lolote daftarini.