Ukienda Kutembelea Mahame ya Maduka

Nilikulia katika kambi ya polisi ya Naguru, jijini Kampala, ambako watoto wa Kiacholi, wa Kiteso, wa Kilugbara na wa Kiganda tulikutana katika Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ambayo baba zetu waliitumia kupeana amri na mama zetu waliitumia kugombania zamu ya bomba. Katikati ya miaka ya 2000, Jumapili mchana, tulikuwa tukiteremka kwa miguu hadi Lugogo, kwenye jumba jipya la maduka ambamo maduka makubwa ya Shoprite na Game yalikuwa yamefungua milango yao, tukasukuma toroli tupu kwa saa nzima bila kununua hata kiberiti. Siku ambayo kaka yangu alikuwa na nauli, tulifika mpaka Garden City, barabara ya Yusuf Lule, tukapanda ngazi za umeme kwenda juu na kurudi chini hadi askari alipotuonyesha mlango.

Leo ninapokwenda na kamera yangu ndogo kutazama ghorofa zilizohamwa za majumba kama hayo, hufuatwa na vijana wanaoniuliza waanzie wapi. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijaanza, likiwemo kosa moja lililonigharimu siku nzima.

Kwanza, jua unachokwenda kuona, maana wengi hujifunza jambo hili kwa picha za Marekani, kisha wakafika hapa wakakata tamaa. Huko Akron, Ohio, jumba la Rolling Acres lilifunguliwa mwaka 1975, likafungwa mwaka 2008, likakaa tupu miaka kadhaa huku theluji ikiangukia sakafuni kupitia paa la kioo lililovunjika, hadi lilipobomolewa na Amazon wakajenga ghala lao pale pale. Dixie Square, karibu na Chicago, lilifanya biashara miaka kumi na miwili tu, kuanzia 1966 hadi 1978, kisha likasimama tupu zaidi ya miaka thelathini kabla ya kubomolewa mwaka 2012. Huku kwetu ardhi ya mjini haina subira ya namna hiyo. Kampala hutakuta jumba zima limeachiwa njiwa kwa miongo mitatu. Utakuta ghorofa ya chini ina benki na duka la simu, ya pili ina kanisa na chumba cha mazoezi, na ya tatu ndiyo giza. Wazee wa Kiswahili wana neno zuri kwa mahali pa aina hii: mahame. Gofu ni kile kilichokwisha kuanguka, lakini mahame yanaweza kuwa na kuta zote, milango yote, hata taa zote, isipokuwa watu wake wamekwenda zao.

Ukitaka kuelewa kwa nini walikwenda, anza na supamaketi. Majumba haya yalijengwa kwa hesabu ya mpangaji mkuu mmoja, ambaye huvuta watu kwa mkate, maziwa na sabuni, na wale wenye vibanda vya viatu, manukato na miwani huishi kwa watu wanaopita mbele yao wakielekea kwenye mkate. Mpangaji huyo akiondoka, wadogo hawadumu mwaka. Uchumi, kampuni iliyoanzishwa Kenya mwaka 1975, ndiyo iliyoshika Garden City, na ilifunga maduka yake yote Uganda mwaka 2015. Nakumatt, ambayo jina lake lilitokana na duka la magodoro la Nakuru, ilifungua jirani yake, Oasis, mwaka 2009, na kufikia 2017 rafu zake zilikuwa zimejaa chupa za maji tu, zimepangwa mojamoja ili pengo lisionekane. Shoprite waliondoka nchini mwaka 2021. Ongeza kwamba kodi katika majumba mengi ilidaiwa kwa dola ilhali mteja analipa kwa shilingi, na kwamba shilingi iliposhuka vibaya mwaka 2015 mwenye duka la viatu aliamka akiwa na deni ambalo hakulikopa. Si kila jumba lilikufa, kwani Carrefour waliingia Oasis mwaka 2020 na baadaye wakachukua maduka ya Shoprite. Lakini kati ya kuondoka huyu na kuingia yule, vibanda vingi vilivyokuwa pembeni vilifungwa na havikufunguliwa tena.

Sasa kosa langu. Katika jumba moja ambalo sitalitaja niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kushushia mizigo, kwa sababu ulikuwa wazi na kwa sababu nilikuwa nimeona vijana wa Ulaya kwenye video wakifanya hivyo. Sikumaliza ngazi ya pili. Nilikaa katika chumba cha ulinzi tangu saa nne asubuhi hadi jioni, picha zangu zikafutwa moja baada ya nyingine mbele ya macho yangu, na aliyenitoa ni mjomba wangu, ambaye hajaacha kulitaja jambo hilo kwenye kila harusi. Nilikasirika wakati ule. Baadaye nilitafakari upande wa wale walinzi. Mwezi Julai 2010 mabomu yaliua watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, wengi wao pale pale Lugogo, katika uwanja wa raga wa Kyadondo; na Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Tangu hapo mlangoni pa kila jumba Kampala kuna mtu anayefungua mkoba wako na kuchungulia chini ya gari lako, na mtu huyo akimwona kijana anapiga picha za milango, ngazi na kamera za ulinzi, hawazi habari za kumbukumbu za utotoni.

Kwa hiyo nenda mchana, pita mlango wa mbele, na andika barua. Nasema barua, ya karatasi, iliyopigwa chapa, yenye jina lako, nambari ya kitambulisho na siku unayotaka kuja, uipeleke kwa meneja wa jengo wiki moja kabla. Meneja anaweza kukataa, lakini mara nyingi hukubali akishaona kwamba hujaja kudai wala kuuza kitu. Ukifika, msalimie askari kabla hujatoa kamera. Nilipokwenda mara ya pili, mahali pengine, nilimwambia mzee aliyekaa mlangoni, "Jambo afande, habari ya kazi?" akanitazama kwa makini, akauliza, "Wewe mtoto wa kambi gani?" Nilipomjibu Naguru, alicheka, akasema aliwahi kulinda hapo kabla ya kustaafu, akachukua tochi yake na kunitembeza mwenyewe saa nzima. Barua ilibaki mfukoni.

Hatari za ndani zipo, ingawa si zile za sinema. Usiamini ngazi za umeme zilizozimwa: mguu wako umezoea kwamba zinakusukuma, kwa hiyo unapokanyaga ya kwanza mwili hujiinamisha mbele wenyewe, na vidato vya mwanzo na vya mwisho ni vifupi kuliko vya katikati, jambo ambalo goti langu la kulia linalikumbuka. Usisukume mlango wa lifti hata kama umeachama. Usisimame chini ya paa la kioo wakati wa mvua. Katika maegesho ya chini ya ardhi, mulika kabla ya kukanyaga, kwani pampu zikizimwa maji hupanda kimyakimya, na maji yaliyotuama ni mbu, na mbu ni malaria. Bangkok kulikuwa na jumba lililofungwa mwaka 1997 kwa kujengwa ghorofa nyingi kuliko zilizoruhusiwa. Baada ya moto wa 1999 likabaki bila paa, mvua ikaligeuza bwawa, na wafanyabiashara wa jirani wakatia samaki humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaana kwa maelfu, wakaogelea chini ya ngazi za umeme hadi serikali ya jiji ilipowatoa mwaka 2015. Sijapata kuona samaki Kampala, ila vyura nimewasikia.

Ukishatulia, tazama chini. Watu hupiga picha za paa na mwanga unaoingia kwa juu, na picha hizo zote hufanana. Mimi nimejifunza kwamba jumba la maduka hukumbuka kwa sakafu yake. Mahali palipokuwa na rafu, vigae vimebaki vyeupe kama siku vilipowekwa, na mahali palipopita watu vimefifia, kiasi kwamba unaweza kutembea katika supamaketi isiyokuwepo, ukakunja kushoto penye mafuta ya kupikia, ukanyoosha hadi kwenye mkate, ambako vigae vimechakaa kuliko popote. Penye keshia kuna alama mbili za visigino, zimezama kidogo. Kwenye ukingo wa kaunta moja nilikuta kibandiko cha bei, 2,300, bila jina la kitu, na nilisimama pale muda mrefu nikijaribu kukisia ni nini kilichouzwa kwa bei hiyo.

Hapo ndipo kumbukumbu huanza kudanganya, na hapo ndipo ninapotaka uwe mwangalifu zaidi kuliko kwenye ngazi. Sisi tunaoomboleza majumba haya, tuseme kweli, wengi wetu hatukuwa wateja. Tulikwenda kupoa kwenye hewa ya mashine, kutazama wenye pesa wakicheza mchezo wa kuangusha pini kule Garden City, kununua aiskrimu moja na kuilamba kwa zamu watu watatu. Nguo zetu zilitoka soko la Owino na sukari yetu ilitoka vichochoro vya biashara vya Kikuubo, ambako hakuna ngazi za umeme, hakuna mpangaji mkuu, kila kibanda kinajitegemea, na hakuna aliyewahi kukuta mahame. Majumba yalifurika watu Jumapili, na mapato hayakufurika, kwa sababu miguu ilikuwa yetu. Sisemi kwamba tuliyaua. Dola, madeni na usimamizi wa makampuni yenyewe vilifanya kazi kubwa zaidi. Lakini ninapomsikia mtu wa rika langu akisema zamani watu walijua kununua, humuuliza yeye alinunua nini.

Dawa niliyoipata ni kuwatafuta waliofanya kazi humo. Mwanamke mmoja aliyekuwa keshia, ambaye sasa anauza vitenge, nilimwonyesha picha ya zile alama za visigino nikidhani atalia. Alicheka. Aliniambia kwamba walikuwa hawaruhusiwi kukaa, kwamba mwezi wa Desemba miguu ilivimba hata viatu vikakataa kuvuka, na kwamba walipofunga alidai mshahara wa miezi miwili. Kisha akanyamaza, akasema kwamba hata hivyo aliipenda sare, kwa sababu akiwa ameivaa madereva wa taksi walimwita madamu. Yote hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja, na tangu siku ile nimeacha kuandika neno "enzi za dhahabu" chini ya picha zangu.

Jambo la mwisho ni adabu. Usiandike kwamba jumba limekufa ilhali kuna mtu ndani yake anayelipa kodi. Katika ghorofa ya tatu ya jumba moja nilikuwa nikipiga picha za ukumbi mweusi nilipoona mwanga wa taa moja mwishoni, na chini ya taa mama mmoja akishona, peke yake kati ya milango ishirini iliyofungwa kwa makufuli. Aliniuliza picha ni za nini. Nilipomaliza maelezo yangu marefu alitazama suruali yangu, akasema pindo la kushoto limefumuka, alishone au nitaendelea kulipiga picha hivyo hivyo? Nikamwachia. Alinipa kipande cha karatasi chenye nambari, akaniambia niifuate Jumamosi kabla ya saa kumi na moja, maana saa hiyo ndiyo wanayozima umeme wa ghorofa, na mashine yake haina kanyagio.