Mtoto anakunywa, nyumba nzima ije kliniki

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi na karibu nusu yake zinahusu kitu kimoja, watoto wa sekondari na pombe. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana naona ndo inabeba na nyingine zote.

SWALI: Dada mshauri habari za kazi. Mi ni mama wa watoto watatu niko Moshi, nauza ndizi na nafaka pale Mbuyuni. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16 yuko kidato cha pili. Mwaka jana nilianza kusikia harufu nikajua ni za kwenye sherehe, si unajua huku kwetu mbege kila mahali, saivi ananunua vile vichupa vidogo vya pombe kali, nimekuta viwili kwenye begi la shule amevificha ndani ya soksi. Nimempiga, baba yake kampiga, tumempeleka kwa mchungaji kaombewa, mjomba wake askari akamkalisha kituoni kutwa nzima ili aogope, akatulia wiki mbili akarudia. Sasa tumeambiwa kuna soba haus, zile nyumba za kulaza watu waache vilevi, inapokea, miezi minne, hela ni nyingi ila niko tayari hata kuuza kiwanja. Nimpeleke? Nimechoka dada, usiku nalia. *Mama, Moshi*

JIBU: Pole sana mama yangu. Kiwanja usiuze kwanza, nisikilize.

Soba haus sizipingi, zimeokoa watu wengi Zanzibar, Bagamoyo, Dar na kwingineko. Ila nyingi zilianzishwa na watu waliotoka kwenye heroini kwa ajili ya wenzao, watu wazima waliopitia mengi. Mtoto wa miaka 16 anayekunywa vichupa ukimlaza miezi minne chumba kimoja na watu wa hivyo atajifunza mambo ambayo hakuyajua, halafu anarudi nyumba ile ile, mtaa ule ule, na masomo yamempita. Kulazwa kuna wakati wake na wakati wenyewe ni huu: akikosa pombe asubuhi mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anatapika, au ameshapata degedege. Hapo ni hospitali moja kwa moja, usimfungie ndani eti arosto (yale mateso ya kukosa kilevi) imtoke, kukata pombe ghafla kwa mtu ambaye mwili umeshaizoea kunaweza kumuua. Hospitali watampa dawa za kutuliza na vitamini B1 na watamwangalia zile siku tatu nne za mwanzo ambazo ndo mbaya. Vilevile akisema anataka kufa, usisubiri kesho.

Kama hayo hana, na kwa ulivyoandika sidhani kama anayo, tiba yake ni mazungumzo, anatoka nyumbani anaenda anarudi. Najua utasema mazungumzo gani tena dada wakati nimeongea hadi koo limekauka. Mama, ulichofanya ni kusema naye, na mjomba akasema naye, na mchungaji akasema naye. Hakuna aliyemuuliza. Tena kituo cha polisi kinamtisha mtoto siku mbili tatu, baada ya hapo anachojifunza ni kuficha vizuri zaidi (hiyo soksi mama, hiyo soksi ni matunda ya kipigo).

Nikueleze tunavyofanya. Kijana mmoja aliletwa kwangu na wazazi wake, kanuna, kofia imefika machoni. Wazazi nikawaomba watoke nje. Nikamwaga njiti 10 za kiberiti mezani nikamwambia sikuulizi unakunywa kiasi gani, nisogezee njiti kuonyesha ni kwa kiasi gani unatamani kupunguza, sifuri hutaki kabisa, kumi unataka leo leo. Akasogeza tatu. Watu wazima wengi hapo wangemwambia mbona chache hivo, na mtoto angeanza kujitetea, na mtu akijitetea anazidi kujiaminisha maneno yake mwenyewe. Mi nikamuuliza kinyume, mbona hukuacha sifuri? Akakaa kimya muda mrefu sana, anachezea njiti, halafu akasema, mdogo wangu aliniona natapika kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Basi. Kuanzia pale kazi ilikuwa inaenda, kwa sababu sababu ya kuacha ilitoka mdomoni kwake. Mtindo huu aliuandika Mmarekani mmoja William Miller mwaka 1983, baadae akauendeleza na mwenzake Stephen Rollnick, na umezunguka dunia nzima kwa sababu hauhitaji mashine wala dawa. Hata hapo kwenu Moshi, hospitali ya KCMC, wauguzi wamekaa na majeruhi watu wazima pale idara ya dharura kwa mazungumzo mafupi ya aina hiyo, mpango wenyewe unaitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako. Kwa iyo si kitu cha kigeni kwenu.

Sasa nikuguse pale panapouma, naomba usinikasirikie. Umeandika baba yake kampiga ila hukuniandikia kama baba yake anakunywa. Nakuuliza tu. Akirudi jioni nani anatumwa friji kuleta bia? Kwenye matanga na ubarikio nani anampa kijana kata ya mbege aonje ili awe mwanaume? Sisemi mila ni mbaya, mbege ya ndizi na ulezi ni heshima ya Wachaga na wazee wana haki yao. Ila ubongo wa mtoto unaendelea kukua hadi anakaribia miaka 25, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ile ya kujizuia. Marekani walipowauliza watu wazima walianza kunywa na miaka mingapi, matokeo yakatoka 1997, walioanza kabla ya miaka 15 zaidi ya asilimia 40 walikuja kunasa kwenye ulevi wakati fulani wa maisha yao, waliosubiri hadi 20 ilikuwa kama asilimia 10. Kwa iyo ile kata ya kuonja si kitu kidogo.

Ndo maana nasema msimlete mtoto peke yake, mje wote, na baba awepo. Miami kwenye miaka ya 1970 José Szapocznik na wenzake walikuwa wanahudumia familia za Wakuba waliohamia Marekani, watoto wameshika mambo ya kule, wazazi wamebaki na ya kwao, ndani hakuelewani, vijana wakaanza vilevi. Wakaona ukimtibu kijana peke yake haendi mbali, wakaanza kukaa na nyumba nzima, vikao 12 hadi 16 hivi, wakiangalia nani anamtetea mtoto nani anamchapa, nani anaongea kupitia mtoto kwa sababu hawaongei wao kwa wao. Mama hii kitu nimeiona kwa macho yangu mara nyingi: baba anagombeza, mama usiku anapeleka chakula kwa siri na kumpa mtoto elfu mbili ya pole. Elfu mbili hiyo ndo kichupa. Mkikubaliana wazazi wawili sheria tatu tu, saa ya kurudi, hela anapewa na nani na ya nini, na pombe haikai ndani ya nyumba kwa muda wa tiba, nusu ya safari imekwisha. Na akikaa wiki bila kunywa aone tofauti, msifie kwa jina la alichofanya, mrudishieni simu, mpeleke mpira. Watoto wa umri huu wanabadilika kwa kinachowapendeza kuliko kwa kinachowatisha.

Pa kuanzia ni kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa au hapo KCMC, uliza mshauri anayekaa na vijana, na afisa ustawi wa jamii wa kata yenu umpitie pia, huyo ni bure. Muuza duka anayempa vichupa naye usimwache, viroba vya mifuko vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017 ila vichupa vimechukua nafasi yake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Nenda na mwenyekiti wa mtaa, ongeeni naye kwanza kistaarabu.

Na ataanguka mama. Mwezi wa pili au wa tatu utasikia tena harufu. Usiseme basi tiba imeshindikana, mpigie mshauri siku hiyo hiyo, mkae mwangalie ilikuwa siku gani, na nani, kabla yake kulitokea nini.

SWALI: Dada habari, mimi nakaa na mtoto wa marehemu kaka yangu hapa Mwanza, ana 17, anakunywa. Kuna jamaa kaniuzia vidonge vya kuacha pombe, kasema nimsagie kwenye chai asijue, akinywa pombe atatapika mpaka aichukie. Vipi ni salama? *Baba mdogo, Mwanza*

JIBU: Kaka, naomba leo leo usiweke kitu kwenye chai ya huyo mtoto.

Dawa ya namna hiyo ipo kweli, inaitwa disulfiramu, ni ya zamani. Inafanya kazi hivi, pombe ikiingia mwilini ini huibadilisha kuwa sumu moja kisha huigeuza haraka isidhuru, sasa hii dawa inazuia hiyo hatua ya pili, sumu inajaa. Uso unawaka, moyo unaenda mbio, presha inashuka, mtu anatapika, na kwa wengine moyo unasimama. Ndo maana daktari humpa mtu mzima aliyekubali mwenyewe, aliyepimwa moyo na ini, na anayejua hata dawa ya kikohozi yenye spiriti haitakiwi. Mtoto asiyejua chochote atatoka na chai yako tumboni aende kijiweni anywe kama kawaida. Na hicho alichokuuzia jamaa wala huna hakika ndani ni nini.

Kwa watoto dawa za pombe si za kuanzia nazo, mengine nimeyaeleza kwa mama wa Moshi, yasome ukiwa umeketi. Ila kuna neno umeandika ukalipita haraka, marehemu kaka yangu. Baba yake alifariki lini? Na kunywa kulianza lini? Mshauri mzuri ataanza na hilo swali. Mtoto aliyefiwa halafu hajawahi kulia mbele ya mtu, mara nyingi pombe ndo inamlaza usingizi, ukiinyang'anya bila kugusa msiba atatafuta kingine. Nenda naye kwenye kaburi la baba yake, nyie wawili, msiongelee pombe kabisa siku hiyo.

SWALI: Anti shikamoo. Mi nina 17 niko fomu foo Dar. Sinywi kila siku ni wikiendi tu na washkaji, ila nikianza sikumbuki narudije home, juzi nimeamka simu sina na kiatu kimoja. Sitaki mama ajue. Je mi ni mlevi? Na ntaachaje wakati washkaji ndo hao hao

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya jambo kubwa kuandika.

Neno mlevi liache. Kuna maswali sita ambayo madaktari Boston waliyatunga mahsusi kwa vijana wa umri wako, jijibu mwenyewe chumbani. Umewahi kupanda gari au boda inayoendeshwa na mtu aliyelewa, au wewe mwenyewe umelewa? Unakunywa ili utulie, ujisikie vizuri au uonekane uko sawa na wenzako? Unakunywa ukiwa peke yako? Unasahau ulichofanya ukiwa umekunywa? Ndugu au rafiki wamekwambia punguza? Umeingia matatani kwa sababu ya pombe? Ukisema ndiyo mara mbili tu, inatosha kumuona mshauri. La kusahau umeshanijibu. Kule si kusinzia mwanangu, ubongo umeacha kurekodi huku miguu inatembea, na Dar usiku na magari yale, sitaki hata kufikiria.

Sasa washkaji. Mshauri atakufundisha kuichora ijumaa yako, saa ngapi meseji ya kwanza inaingia, nani anatuma, una shingapi kwenye simu, umekula au hujala. Utashangaa uamuzi wa kunywa unafanyika saa kumi jioni wakati wewe unadhani ni saa nne usiku. Ukishaujua huo mlango unaufunga mapema, hela unaiacha nyumbani, unakula ushibe, unapanga mpira saa hiyo hiyo. Hamu ikija jua ni kama wimbi, linapanda linavunjika, mara nyingi nusu saa haifiki kama hujakaa kwenye chupa unaliangalia. Halafu mtafanya mazoezi ya kukataa, usicheke, mi huwa nashika soda najifanya mshkaji, "acha ushamba bwana, kimoja tu", na kijana ananijibu, na mara ya kwanza wote wanaanza kueleza eleza. Ukieleza umeshaingia kwenye mjadala. Jibu ni fupi, "leo sinywi", unabadilisha stori. Mnarudia mpaka linatoka bila kigugumizi. Tiba hii wameijaribu Eldoret, Kenya, kwa Kiswahili, vikao sita, kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya ukimwi, matokeo yakachapishwa 2011, na waliopata tiba walipunguza kunywa kuliko ambao hawakupata. Walioiendesha hawakuwa wanasaikolojia wa shahada, walifundishwa tu wakaweza.

Mama sikulazimishi kumwambia leo, ila mchague mtu mzima mmoja, shangazi, mwalimu wa nasaha, yeyote asiyepiga kelele. Ukikosa kabisa piga 116, ni bure, ni simu ya watoto. Na mshkaji akizima siku moja, msimwache alale chali, mgeuzeni ubavu asisongwe na matapishi, msimmwagie maji, asipoamka mkimtikisa mpelekeni hospitali bila kuogopa kugombezwa.

Leo usiku chukua kiberiti, toa njiti 10, sogeza zako. Kisha niandikie, usiniambie mbona hazijawa nyingi, niambie mbona hazikuwa sifuri.